Mistari Myekundu

Mpiga chapa wetu hatulii. Tangu waiondoe taipureta yake na kumletea kompyuta ya kukunja, mara anaivuta, mara anaisukuma, mara anakipangusa kioo kilichokwisha kutakata. Siku ya kuiwasha iliandika "Welcome". Akaitikia, "Asante," ndipo akavuta kiti. Vidole vyake bado vinagonga kwa nguvu zile zile za zamani mpaka meza inatetemeka, na kila afikapo mwisho wa mstari, mkono wa kushoto unaruka kusukuma kishikio cha taipureta kisichokuwepo. Mimi niliye meza ya jirani keshanimwagia chai mara mbili.

Jana alikuwa akiandika barua ya mkuu wa shule kwa wazazi, na kila neno likapigiwa mstari mwekundu. Uso ukamshuka. Miaka thelathini, hakuna barua yake iliyorudishwa kwa kosa. Akafuta, akaandika upya, akafuta tena, akafungua kamusi.

"Mwanangu, hebu niambie, 'wazazi' ina kosa gani?"

"Haina kosa, mama. Mashine imewekwa kwa Kiingereza, Kiswahili haikijui."

Hakunisikia. Alikwisha kuinuka, akakaa, akainuka tena. Mwishowe akaichapa barua hivyo hivyo, akaipokonya printa karatasi ingali na joto, akaenda nayo dirishani, akaigeuza mbele na nyuma. Hakukuwa na wekundu hata chembe.

Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. "Kumbe ilikuwa inanisengenya tu," akasema. "Mbele za watu haithubutu."