Kranki ya Mkwe

Zuurakan alipandwa na hasira mwezi wa Agosti, na theluji ya kwanza ilipoanguka katika mji wa Tokmok hasira hiyo ilikuwa bado haijashuka. Naijua vizuri. Nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani, nikainywa pamoja na chai kila asubuhi.

Alikuwa mjane mwenye mabega ya dereva. Aliendesha lori la kiwanda cha matofali mpaka kiwanda kikafungwa, akabaki na Volga, gari jeusi la marehemu mumewe. Ulikuwa mkweche uliozeeka kuliko ndoa yao, lakini uling'aa, na kila bibi harusi wa mji alitaka kupandishwa humo. Harusi za vuli ndizo zilizomlisha mwaka mzima. Mwaka huo injini ikaanza kugonga. Fundi Anarbek aliifungua, akafuta mikono.

"Dada, pistoni zimekwisha, slivu zinamopandia na kushukia zimekwisha. Na kranki ina ufa."

Kranki ni ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni zote; ukivunjika, gari ni banda la kuku. Zuurakan akauza fahali wake wa pekee. Juma zima wakabishana mezani, yeye na Anarbek, kipi kinunuliwe na kipi kivumilie. Vali zisagwe tu. Pampu ya oili ioshwe na kuombewa dua. Ugomvi ulikuwa kwenye pistoni. Sokoni kulikuwa na mpya za bei ya chini, zinazong'aa, laini kama sabuni. Kulikuwa pia na za enzi za zamani, bado zimefungwa kwenye karatasi ya grisi, bei yake ya kukata pumzi.

"Chukua hizi za sabuni," akasema Anarbek, "zitakufikisha mwakani."

"Zikinifia katikati ya harusi je? Nimpakie bibi harusi kwenye punda wako?"

Fahali alitosha kununua pistoni nzuri au kranki nzuri. Si vyote viwili.

Hapo ndipo mkwe wake alipojitokeza. Turgunbai alikuwa baba wa kijana aliyemwoa Salkyn, binti pekee wa Zuurakan, na wanandoa hao waliishi kwenye ua wake Turgunbai. "Kranki ninayo stoo," alisema. "Kanunue pistoni zako, mkwe, ulale usingizi. Tangu lini wakwe wakauziana vyuma?"

Alimwita kwake mbele ya majirani, akaitoa imeviringishwa shuka kama mtoto mchanga. Zuurakan alikuwa na maikromita ya marehemu mumewe mkobani, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma, na kupima ni kazi ya kitambo kidogo tu. Lakini zawadi ya mkwe haipimwi. Farasi wake humchungulii meno, kitambaa chake hukitandazi kuona kama kimepunguka. Zuurakan akapokea kwa mikono miwili. Kesho yake akampelekea kondoo, maana mkono wa mkwe haurudi mtupu. Kisha akanunua pistoni za bei ya kukata pumzi.

Anarbek ndiye aliyeipima ile kranki. Akapima tena, akaiweka chini polepole.

"Dada, hii imechongwa mara nyingi mpaka mwisho. Hakuna beringi ya kuivaa hii. Mfungie mbwa."

"Alijua?"

"Namba ya mchongo wa mwisho imepigwa hapa ubavuni. Labda ni yule kondoo tu asiyejua kuisoma."

Zuurakan hakucheka. Aliibeba kranki begani, chuma kile kizito, akatembea nacho mchana kweupe mpaka kwa Turgunbai. Nilimfuata, sikuthubutu kumwomba nimsaidie kubeba.

Turgunbai alikuwa na wageni, wanakunywa chai. Salkyn, mkwe wa nyumba, akatoka haraka na sahani ya mkate, kitambaa kichwani, kama ilivyompasa.

"Karibu, mkwe," Turgunbai akasema. "Onja mkate."

"Sionji."

Wageni wakaacha kutafuna. Katika nchi ile hata aliyekuja kukutukana huonja mkate wa mlango wako, japo chembe. Anayeondoka bila kuonja ameiachia nyumba laana.

"Mkwe, mbele za watu?"

"Si ulinipa mbele za watu?"

"Zawadi hairudishwi."

"Sijairudisha. Nimeileta ipumzike. Ile nyingine, iliyolala kwenye grisi, ndiyo haijachoka."

Kumbe Zuurakan alijua kuwa stoo kuna kranki nyingine nzima, na wageni nao walijua. Bibi mmoja mzee akasukuma kikombe chake. "Turgunbai, mpe mwenzio. Chai inapoa."

Salkyn alikuwa bado amesimama na sahani. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "onja tu. Ni mimi ninayelala hapa."

Zuurakan alimtazama binti yake. Nilidhani atalegea. Akaweka mikono nyuma ya mgongo.

Turgunbai akaenda stoo. Kranki aliyorudi nayo ilikuwa nyeusi kwa grisi. Zuurakan alichuchumaa uani, akavua kitambaa chake cha kichwa akaifutia, akatoa maikromita na kupima kila shingo inapokaa beringi, mwenye mali kasimama juu yake.

"Umeridhika?"

"Ngoja niigeuze."

Alipomaliza alinyanyuka, akamega mkate kwenye sahani ya Salkyn, akautafuna mpaka mwisho. "Umeiva vizuri," alisema. Salkyn akageuka na sahani yake, akaingia ndani.

Septemba Volga ilibeba maharusi. Jumamosi moja nilikaa kiti cha mbele, nyuma bibi harusi na shela lake, tukapita mlangoni kwa Turgunbai. Salkyn alikuwa anafagia nje. Zuurakan akapiga honi mara moja. Ufagio haukusimama.

"Unasikia injini?" akaniuliza. "Haigongi hata kidogo."

Akabadili gia kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuivunja.