Baba Alipohamishia Kazi Sebuleni

Harufu ya msimu ule ilikuwa ya majani ya mkaratusi na limau, vikichemshwa pamoja mpaka mvuke wake ukaingia kwenye mapazia, kwenye mashuka, hata kwenye ugali. Kila asubuhi Mama alibandika sufuria kubwa uani, tukajifunika blanketi mmoja baada ya mwingine na kuvuta mvuke ule mpaka machozi yakatutoka. Tuliishi Nyahanga, mjini Kahama, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na Baba, aliyekuwa karani wa ghala katika kampuni iliyopeleka vifaa mgodini upande wa Segese, aliambiwa na wakubwa wake achukue kompyuta akafanyie kazi nyumbani.

Mwanzoni nilifurahi, maana kushinda na Baba kulikuwa jambo la Jumapili tu. Furaha ile haikumaliza wiki. Meza ya chakula ikageuka ofisi, redio ikazimwa, kuku wakafukuzwa dirishani, na kila alipopiga simu ya kazi tulinong'ona kama tuko kanisani. Baba hakuwa mtu wa kukaa. Ghalani alizoea kutembea kutwa nzima kati ya maboksi na malori. Sasa aliinuka, akachungulia nje, akakaa, akainuka tena, malapa yake yakipiga sakafu mpaka na mimi nikashindwa kutulia. Nilisoma ukurasa mmoja mara tano bila kujua umesema nini. Mchana ulikuwa mrefu, bati lilialika kwa joto, na nilihisi kama kuna kitu tunakingoja ambacho hakuna aliyetaka kifike.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Mhunze kutibiwa macho, akakwama kwetu. Kifua chake kilikuwa dhaifu tangu zamani, na kwa ajili yake Baba aliweka sheria ambazo hata askari angeziona kali. Mlangoni palikaa ndoo yenye koki na sabuni, na hakuna aliyeipita bila kunawa. Mama aliuza mchele sokoni, na mchele hauuziki kutoka sebuleni. Akirudi jioni alinawa, akabadilisha nguo katika bafu la uani, akala peke yake kwenye kigoda jikoni, na hakuruhusiwa kumsogelea Bibi ndani ya hatua tatu. Alilala chini, kwenye mkeka, chumbani kwangu. Siku moja tu nilimsikia akisema, "Baba Milembe, wewe kazi imekufuata nyumbani. Yangu mimi nani ataniletea?" Baba alijibu bila kugeuza shingo, "Kinga ni bora kuliko tiba."

Kisha akafariki Masanja. Huyu alikuwa dereva wa kampuni, rafiki wa Baba wa miaka mingi. Ndiye aliyetubebea vyombo tulipohamia Nyahanga, na ndiye aliyemfuata Bibi Mhunze kwa gari lake. Simu iliyoleta habari ilisema alipata changamoto ya kupumua. Siku zile maneno hayo yalitosha, watu hawakuuliza zaidi. Mama alilia jikoni, akauliza mazishi ni lini. Baba akasema ni kesho, huko huko Segese, na kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwenda. "Tutatuma rambirambi kwa simu," alisema. Kwa Wasukuma kukosa mazishi ya mtu wako si jambo dogo.

Kesho yake Mama alipokwisha kwenda sokoni, Baba alivaa suruali yake nyeusi. "Milembe, mtandao leo umekataa kabisa," akaniambia. "Naenda kuutafuta mjini. Mama yako akiuliza, mwambie hivyo hivyo." Nikasema ndiyo, Baba. Dirishani nilimwona akipanda bodaboda na kushika barabara inayotoka nje ya mji.

Alirudi alasiri. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye visigino. Aliipita ndoo kama vile haikuwapo, akaingia moja kwa moja alipoketi Bibi, akapiga magoti na kuweka kichwa chake mapajani mwake. Sikuwahi kumwona Baba analia. Alilia kwa sauti, akisema kwa Kisukuma kwamba walikuwa watu saba tu kaburini, na kwamba hata jeneza lilibebwa na watu wasiomjua marehemu. Bibi alimpapasa kichwa na kumfuta uso kwa khanga yake. "Lila, ng'wanone," alimwambia. Lia, mwanangu. Nilisimama mlangoni, nikahesabu zile hatua tatu kwa macho.

Jioni Mama aliona kompyuta imefunikwa, akaniuliza, "Baba yako alitoka?" Nikajibu, "Alienda kutafuta mtandao." Ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Siku ya sita tangu mazishi Bibi alianza kukohoa. Usiku na mchana kifua chake kilikwaruza kama chekecheke, na ugali ukawa hauna ladha kinywani mwake. Mama aliacha soko siku hiyo hiyo. Alimtoa Bibi uani penye hewa, akamwekea mito mgongoni, kisha akapiga magoti mbali kidogo, mkono mdomoni. "Mama, nisamehe," alisema. "Ni mimi nimekuletea, nimeutoa sokoni. Nilinawa, Mungu anaona, lakini ni mimi." Bibi alimtazama yeye, kisha akageuza macho yake yenye ukungu kuelekea dirisha la sebule. Baba alikuwa pale, vidole juu ya kompyuta, haandiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Baba akatoka uani. "Mama Milembe, inuka," alisema. "Nilikwenda Segese. Nilimzika Masanja. Nikarudi nikamkumbatia Mama bila kunawa."

Nilingoja Mama apige kelele. Aliinuka taratibu, akakung'uta magoti. "Wiki ngapi nakula jikoni kama mgonjwa," alisema kwa sauti ya chini, "na wewe ukaenda. Masanja alikuwa kama kaka kwangu pia. Kwa nini hukunichukua?" Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama tu, na jicho lile, heri lingekuwa kofi.

Bibi alilazwa siku tisa, akapona, akarudi Mhunze na pumzi iliyopungua. Kutoka mlangoni hadi kisimani alipumzika mara mbili. Hakuna aliyepimwa kati yetu. Huenda ugonjwa ulitoka msibani, huenda sokoni, huenda kwa watoto wa wapangaji wa jirani tuliochota nao maji bomba moja. Mama alirudi kulala chumbani kwake, lakini ilichukua muda mrefu kabla hajacheka tena na Baba.

Leo na mimi nafanya kazi nyumbani, katika chumba nilichopanga Shinyanga mjini, nachapa barua na tasnifu za watu. Nina mlango wangu, hakuna anayenong'ona kwa ajili yangu, na korona imebaki neno la kusimulia. Hata hivyo situlii. Nikiamka na homa, kabla sijanywa hata chai, nawaandikia wote nilioketi nao wiki ile: naumwa, jiangalieni. Wengine hunicheka kwamba mafua tu nayatangaza kama msiba. Nawaacha wacheke. Ugonjwa ule mpaka leo sijui ulipita mlango gani kuingia kwetu. Uongo ninaujua, maana mimi ndiye niliyeufungulia.