Kikombe cha Mukabera

Mukabera hakupewa kazi kwa sababu ya akili yake. Alipewa kwa sababu wawili waliomtangulia walifukuzwa, na mjane asiyejua kusoma halalamiki kwa barua. Mwaka ule wa 1995 shirika moja la misaada lilikuwa limejenga kituo cha redio juu ya kilima, upande wa Kimuli, cha kuitia malori ya chakula na magari ya wagonjwa. Yeye alifagia, alipiga deki, alichota maji. Mshahara ulikuwa wa kuonja, lakini kazi ilikuja na chumba: hatua nne kwa hatua nne, kitanda cha kamba, na mlango wenye ufunguo. Ufunguo ule aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Alikuwa na sababu. Mumewe Anastazi alipokufa, shemeji yake Leonidas alikizungushia kibanja ua kabla udongo wa kaburi haujakauka. "Uliletwa hapa mgongoni mwa mama yako kutoka Rwanda," alimwambia, "na hukumzalia ndugu yangu hata panya. Kibanja cha nini?" Tangu siku hiyo Mukabera aliogopa kitu kimoja tu duniani: kukosa mlango wa kufunga.

Katika chumba cha mitambo lilisimama kabati la chuma, refu kuliko mtu. Redio zilizokuwa ndani yake zilipata moto kama mafiga. Mwanzoni waliweka feni, lakini feni ilivuta vumbi jekundu la barabara mpaka ikajaa na kufa. Ndipo fundi Placidius, kijana aliyekuja na viatu vya kung'aa kutoka Bukoba, akaliziba kabati na kupitisha ndani yake mabomba membamba ya shaba. Pampu ilizungusha maji kutoka kwenye pipa nyuma ya ukuta. Maji yaliingia baridi, yakatoka yamebeba joto. Mkuu wa kituo, Bwana Rwezaura, alimshika fundi mkono mbele ya watu wote. Aliyelijaza pipa lile kila alfajiri kwa maji ya chemchemi, maji yanayouma meno, hakushikwa mkono na mtu.

Mvua za Machi zilipoanza, mabomba yakaanza kulowa. Placidius akasema yanavuja. Akakaza maungio, akachomelea, akakaza tena, na kila asubuhi matone yalikuwa pale pale, yakining'inia juu ya nyaya kama maziwa kwenye chuchu.

"Fundi," Mukabera alimwambia akiwa na tambara mkononi, "haya mabomba hayavuji. Yanatoka jasho."

Placidius alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, lakini tangu afike hakuwahi kumwamkia shikamoo hata mara moja. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi yapeleke zahanati, bibi, yapimwe malaria!"

"Nimeyaonja. Pipa letu lilikuwa la dizeli, maji yake yana harufu mpaka leo. Haya ya juu ya bomba hayana harufu wala ladha. Hayakutoka ndani."

"Umelamba mitambo ya shirika?"

"Nimelamba."

"Mungu wangu. Mchana unadeki, asubuhi unalamba. Tukuongeze mshahara?"

Mukabera aliendelea kupangusa. Alikuwa amekulia penye mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, akijua kwamba kibuyu ukikijaza maji ya baridi hukaa kikavu, lakini bati hulowa lenyewe, hasa siku ya ukungu, hasa jikoni penye mvuke. Ukungu wa bonde la Kagera ulipanda kilimani kila asubuhi na kuingia kwa mlango ambao Placidius aliuacha wazi ili apate upepo, na kabatini kila alipolifungua kukaza maungio. Ukungu ukikuta shaba baridi, utafanya nini kama si kulala juu yake?

Basi akafanya yake bila kuomba ruhusa. Alichukua kikombe chake cha bati lenye rangi, cheupe chenye mdomo wa bluu, kitu pekee alichotoka nacho kwa Leonidas. Kila asubuhi alikichovya katika pipa, akakipangusa nje, na kukiweka juu ya kigoda kando ya kabati. Saa hakuwa nayo. Alisali Salamu Maria kumi kwa sauti ya chini, akihesabu kwa punje za rozari, kisha akakipapasa kikombe kwa mgongo wa kidole. Kikiwa kikavu, aliongeza maji ya chemchemi. Kikiwa kimelowa, hakuongeza. Aliliacha pipa lipigwe na jua kwanza. Mlango akaufunga. Mwishowe alikata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu, akayazungushia mabomba, akafunga mafundo kila penye maungio, ukungu usipate pa kupenya.

Miezi miwili kabati lilikaa kavu. Placidius aliandika taarifa kwamba amemaliza tatizo.

Mwezi wa tano shangazi yake Mukabera alifariki Nyakasimbi. Mwanamke hamziki mtu wake na kurudi siku ile ile. Hulala matangani mpaka matanga yaanuliwe. Aliomba siku nne, akapewa. Kabla ya kupanda lori alimwambia Deodatha, mpishi wa kituo, aliyekula naye sahani moja tangu siku ya kwanza: "Dada, mwambie fundi asitie maji mapya asubuhi. Na mlango ufungwe."

"Nitamwambia," Deodatha alisema, na kweli alimwambia. Placidius alijibu kwamba hapokei maagizo kutoka kwenye ndoo ya deki. Siku ile ile aliichana mipira, akisema inazuia baridi isifike kwenye redio. Kesho yake, ukungu ukiwa mzito hata kuku hawaonekani, akafungua mlango, akajaza pipa mpaka juu maji ya chemchemi, akaenda kunywa chai. Saa tatu redio kubwa ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Mukabera aliporudi, kipara cha msiba kikiwa bado kinang'aa kichwani, alimkuta Bwana Rwezaura uani, na Placidius, na Deodatha. Juu ya meza palikuwa na mipira iliyochanwa, mafundo yake yote, na kikombe chake.

"Kikombe hiki cha nani?" Rwezaura aliuliza.

"Changu, mzee. Shikamoo."

"Kilikuwa kando ya kabati. Kina maji. Na kabati limeingia maji."

"Mzee, mimi sikuwepo, nilikuwa matangani—"

"Mchawi huhitaji kuwepo?" Placidius alidakia. "Bwana mkubwa, huyu mama alilamba mabomba. Alikiri mwenyewe. Akayafunga mafundo. Mimi nilipofungua mafundo tu, redio ikalipuka!"

Rwezaura alikuwa mtu wa kanisa, na alijiona mtu wa haki. Akamgeukia mpishi. "Deodatha. Wewe ni rafiki yake, huwezi kumsingizia. Uliwahi kumwona akifanya nini na kikombe hiki?"

Deodatha alitazama chini. Hakutaka kusema uongo. "Alikuwa akikiwekea maji kila asubuhi. Akikinong'onea. Halafu anakigusa."

"Nilikuwa nasali!" Mukabera alilia. "Salamu Maria kumi, kupima muda!"

"Unasalia kikombe?" Placidius aliuliza, na walinzi waliosimama getini wakaangua kicheko.

Walimletea karatasi. Rwezaura alimwambia ni ya kupokea mshahara wa siku zilizobaki. Mukabera alitia dole gumba. Jioni Deodatha ndiye aliyemwambia, akilia, kwamba karatasi ile ilisema ameharibu mitambo kwa makusudi na ameacha kazi mwenyewe. Mipira waliichoma moto mbele ya watu. Ufunguo waliuvuta shingoni, uzi wa rozari ukakatika, punje zikatawanyika uani, na hakuna aliyeinama kumsaidia kuziokota.

Akarudi kwa Leonidas. Shemeji alimpa banda la mbuzi, lisilo na mlango. "Mchawi wangu amerudi," alisema kila alipopita na wageni, nao wakacheka.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi Mukabera alipanda kilima na kikapu cha ndizi za Leonidas, kuziuza jikoni kwa Deodatha. Alipopita dirisha la mitambo alisimama. Kabati lilikuwa wazi, na redio ndani yake ilikuwa mpya. Mabomba yalikuwa uchi, yaking'aa. Na juu ya kigoda, kimefungwa kwa waya, kilikaa kikombe chake, kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Ukutani palikuwa na karatasi.

"Inasemaje?" alimuuliza Deodatha, aliyekuwa ametoka jikoni kumpokea.

Deodatha alisoma kwa shida. "'Kila asubuhi jaza kikombe maji. Subiri dakika tano. Kikitoka jasho, usiongeze maji katika pipa. Amri ya fundi mkuu Placidius.'" Akaongeza kwa sauti ndogo, "Walimpandisha cheo."

Placidius alitokea akipangusa mikono. Mukabera alimwomba kikombe chake.

"Hicho sasa ni kifaa cha ofisi, bibi. Kina namba. Ukikitaka, andika barua."

Placidius alipoondoka, mfagizi mpya alikuja na ndoo. Aliitwa Celestina, msichana wa Rubwera, mjamzito wa miezi mingi. Alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Celestina alifungua waya, akachukua kikombe, akaenda jikoni, akakijaza kwenye mtungi wa maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupoa kandokando ya jiko. Akakirudisha kigodani. Mukabera alitazama. Maji yale yalikuwa vuguvugu. Kikombe kingekaa kikavu leo na kesho na siku zote, hata mabomba yakilia machozi. Karatasi ya fundi haikusema maji ya wapi.

"Mama, nasikia nawe ulifanya kazi hapa," Celestina alisema. "Nimepewa kile chumba cha pembeni. Mlango wake mzuri, una ufunguo. Naomba Mungu nisikosee chochote. Kuna la kunifundisha?"

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Mukabera aliinua kikapu, akajitwika kichwani.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Fuata karatasi."