Nyufa za Ukuta wa Nyuma

Mahakama ya Elburgon na jela yake vilikuwa jengo moja: chumba cha hakimu mbele, seli mbili nyuma, bati juu, mbao za msitu wa Mau pande zote. Baba yangu, seremala, alikuwa mmoja wa waliolijenga. Mbao zilitoka kiwandani zikiwa bado mbichi. Alimwambia msimamizi zitapungua zikikauka. Akaambiwa apige misumari, asipige domo.

Zilipungua. Ukuta wa nyuma ukawa na nyufa za kupitisha vidole viwili, na wake za wafungwa wakaugeuza kuwa posta yao. Walipitisha viazi vya kuchoma, kipande kwa kipande. "Mbona unaninyooshea kidole?" nilimsikia mmoja akimtania mumewe. "Nikupe kiazi au nikuvishe pete?" Mfungwa aliyejua anahamishiwa kambi gani alinong'ona jina la kambi hiyo hapo, na jamaa zake wakajua pa kumfuata. Njia nyingine haikuwapo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Nilikuwa nikirudi likizo kutoka chuo kikuu Uganda, na baba alikamatwa akipanda gari moshi kuja kunipokea Nakuru. Hakuwa na kibali cha kusafiri.

Nilimkuta katika mojawapo ya seli zile, akikohoa. Upepo wa Mau ulipita kwenye nyufa zile kama hapana ukuta. Nikaketi nikaandika barua.

"Unaandika nini?" mama aliuliza.

"Kuhusu baridi. Sheria hairuhusu mfungwa kuteswa hivi."

"Sheria ya nani?"

Mimi niliyehoji kila kitu, hadi sala ya chakula, hilo sikulihoji.

Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, aliisoma barua mbele yangu, akasifu Kiingereza changu. Siku ya tatu zikaletwa mbao kavu na fundi wa kuzipigilia. Fundi mwenyewe alikuwa baba, askari kasimama nyuma yake.

"Barua ni yako?" aliniuliza, misumari mdomoni.

"Ndiyo, baba."

"Hizi zimekauka. Hazitapungua." Akaendelea kupiga.

"Haya, msomi," mwanamke mmoja akanirushia, sufuria ya viazi mkononi. "Tupitishie wewe sasa."

Wiki hiyo hiyo mama alibisha ukutani, na kutoka ndani akabishiwa mara tatu. Baba alikuwa na la kusema. Adhabu ya kupaza sauti ilikuwa viboko, na mnong'ono haukupita tena. Kesho yake lori la wafungwa lilitoka uani, turubai limefungwa pande zote.

Tulimuulizia baba Nakuru. Tulimuulizia Naivasha. Kila mahali karani alipitisha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa.

Likizo ilipokwisha, nilipita nyuma ya mahakama kabla ya kwenda stesheni. Nilijaribu kuingiza ukucha kwenye maungio ya mbao, moja baada ya jingine, mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Baba alikuwa fundi mzuri. Haukuingia popote.