Uso wa Waziri

Mtaani walimwita Dada wa Kona, kwa sababu kila Bunge lilipokaa alionekana kwenye kona ya chini ya televisheni, ndani ya kiduara, akiwatafsiria viziwi kwa lugha ya alama. Watoto waliokutana naye sokoni walishangaa kuona kumbe ana miguu. Lugha hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Mama yake ni kiziwi, na binti alijua kuomba maji kwa vidole kabla hajajua kuyatamka. Chuo kilikuja baadaye, kikampa cheti na masharti.

Sharti kubwa lilikuwa kwamba mkalimani hana lake. Waziri akisema "mimi", mkalimani anajigusa kifua chake mwenyewe. Waziri akiwa na uhakika, uso wa mkalimani nao uwe na uhakika, maana katika lugha ya alama uso ni nusu ya maneno. Ukiukunja pasipo pake umeshabadilisha sentensi. Kwa hilo hakuwa na mpinzani. Wenzake walimtania kwamba amekuwa waziri mara nyingi kuliko mawaziri wenyewe.

Siku hiyo mbunge mmoja aliuliza kwa nini dawa za presha zimeadimika kwenye vituo vya afya, wagonjwa wakipigwa kalenda tu. Dada wa Kona alitafsiri kila neno. Dawa za mama yake zilikuwa zimekwisha. Jana yake tu alikwenda kituo cha jirani na kwao, akaona rafu tupu, akaambiwa ajaribu wiki ijayo.

Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, mimi mwenyewe nimehakikisha. Tangu wiki iliyopita dawa zipo katika vituo vyote. Wananchi waende wakachukue."

Wabunge wakapiga meza. Ndani ya kibanda cha vioo, chini ya taa kali, Dada wa Kona akajigusa kifua. Mimi mwenyewe. Nimehakikisha. Zipo. Akainua kidevu kama waziri alivyokiinua. Aliifanya kazi vizuri, na ilimuuma kuifanya vizuri hivyo. Simu ambayo angemwandikia mama ilikuwa kwa mlinzi, kama utaratibu unavyotaka, na kikao kilikuwa bado kibichi.

Jioni alimkuta mama kitandani, jirani yao fundi cherehani akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Nimemkuta ameanguka getini pale kituoni, mwanangu," fundi alisema. "Alikataa katakata kuondoka. Wanamwambia dawa hakuna, yeye anawaonyesha televisheni ya ukutani. Wakamwona kachanganyikiwa, maskini."

Fundi alipoondoka, mama aliomba ainuliwe. Mikono yake ilikwenda pole pole.

"Dawa hazipo."

"Najua, mama."

"Ulijua?"

"Nilikwenda jana. Sikutaka kukutia hofu."

"Lakini leo ukasema zipo."

"Yule alikuwa waziri, mama. Si mimi."

"Waziri simjui. Sauti yake sijawahi kuisikia. Uso niliouona ni wako, na niliyekufundisha kuutumia ni mimi."

Binti alitaka kujikaza, akashindwa, akalia. Mama alimwacha alie mpaka akatulia, ndipo akamgusa goti ili amtazame.

"Kesho akirudia, utasemaje?"

Alifikiria viziwi wote wanaokodolea macho kile kiduara. Akianza kuchagua lipi aseme na lipi aache, watamwamini nani? Kisha akafikiria mama yake, amelala kifudifudi mbele ya geti, watu wakimruka. Alikaa na yote mawili kwa muda mrefu, na hakuna lililokubali kuondoka.

"Nitasema atakachosema," alijibu.

Mama alimtazama kidogo. Binti akainua mikono kueleza, na kabla haijaanza, mama akafumba macho kwa makusudi. Mikono ikabaki hewani, ina maneno tele, na hakuna wa kuyaona.