Sweta ya Friji ya Mama Wahu

Miaka ile ya themanini, Kimumu nzima, pale Eldoret, ilijua kwamba Nduta si mwoga. Alitoka Murang'a na binti mgongoni, akalima mahindi ya kukodi huko Soy, hata akajenga duka lake la mabati. Mwizi aliyewahi kuingia humo alitoka akifukuzwa kwa mwiko. Lakini Januari moja, Nduta aliogopa kufungua mlango wa friji.

Ilikuwa friji ndogo, kimo cha mbuzi. Bintiye Wahu, aliyeolewa Mombasa, aliituma kwa gari la moshi ili ihifadhi dawa ya sukari ya baba yake, Mzee Waweru, kwa kuwa mchana mabati yaliwaka kwa jua. Chupa ya kwanza iliganda kama jiwe.

"Iliyoganda haina kazi tena, Mama," nesi alimwambia. "Mwaga."

Nduta akazungusha swichi ya baridi hadi nambari ya chini kabisa. Ya pili ikaganda vilevile. Sasa ilibaki moja tu, imefichwa kwenye chungu cha maji, na hospitalini dawa ilikuwa imekwisha. Hiyo ikiharibika, mzee angeishije?

Nduta akaamua kwamba baridi ya Eldoret ndiyo inayopenya ndani. Kwao, kinachosikia baridi hufunikwa. Akaifumia friji sweta ya sufu nyekundu, akaongeza blanketi.

Fundi Jeconia, aliyeitwa kuitazama friji, alipoingia alicheka hadi akashika ukuta.

"Mama Wahu! Hii imejifungua lini?"

"Cheka tu. Mtu wa joto la ziwani anajua nini kuhusu baridi?"

"Najua friji haivai. Ivue, ipumue!"

Akafungua kisanduku kidogo kilichokuwa nyuma ya swichi. Mrija mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe ulitoka humo.

"Ndani ya huu mna gesi, Mama. Friji ikipata joto, gesi inafura, inasukuma kifuko hiki, mashine inawaka. Ikipoa, kifuko kinanywea, mashine inazima."

"Mbona yangu haizimi?"

"Kule Mombasa hewa ni nzito, inakisaidia kifuko kunywea. Huku juu hewa ni nyepesi. Kifuko kinabaki kimefura, friji inazidi kugandisha. Ilirekebishwa kwa hewa ya pwani."

Nduta alikumbuka Wahu akijigamba kwamba githeri yake ya mahindi na maharagwe huko Mombasa huiva upesi, naye akamwita binti mvivu, mla maharagwe mabichi.

"Na githeri?" aliuliza polepole.

"Ni hewa hiyohiyo, Mama. Ikiwa nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

Kumbe! Miaka yote alikuwa akitembea ndani ya kitu asichokiona, kinachochelewesha sufuria yake, na kifuko kile kidogo cha bati kilikihisi kabla yake.

Jeconia akakaza springi inayokibana kifuko kwa bisibisi, kidogo sana, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Wakaweka kikombe cha maji ndani.

Asubuhi Nduta alifungua mlango huku akinong'ona sala. Akatumbukiza kidole. Maji yalitikisika, baridi, laini, bila hata ngozi ya barafu.

"Baba Wahu!" aliita. "Njoo uone!"

Mzee Waweru akaja na chupa yake, akaiweka ndani kwa mikono miwili. Kisha Nduta akatoka uani, akavuta pumzi ndefu ya hewa ile nyepesi, akaishikilia kifuani kidogo kabla ya kuiachia.