Nchi Kavu Ilipofungwa

Mimi na Drusilla tumeuza pamoja katika soko la Daraja Mbili tangu watoto wetu walipokuwa wakivaa sare za shule ya msingi. Yeye anauza ndizi, mimi nauza mitumba. Mimi ni mtu wa upande wa ziwani na yeye ni Mgusii wa Keumbu, kwa hiyo lugha iliyotuunganisha ni Kiswahili. Mengi ya haya aliniambia mwenyewe tukiwa tumekaa juu ya magunia, wateja wakiwa wamepungua. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia watoto wawili na shamba linaloteremka hadi mtoni, juu majani chai, chini migomba. Haron, kifungua mimba, hakwenda mbali na masomo. Alijifunza kuchomelea vyuma pale Keumbu kando ya barabara, na hadi leo kuna mageti ya mikono yake kwenye nyumba nyingi za huko. Cynthia, mdogo wake, alisoma hadi akaajiriwa na shirika moja la kutetea mazingira mjini Kisumu. Ada ya miaka yake ya mwisho chuoni ililipwa na Haron, maana wakati huo alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, huko kaskazini kwenye ukame. Drusilla alikuwa akisema kwa kujivuna kwamba mmoja anachimba mafuta na mwingine anazuia wachimbaji, na wote wanakula sahani moja wakija nyumbani.

Halafu hilo shirika la Cynthia likaishtaki kampuni ile ile. Kisima kilikuwa kimechimbwa karibu na chemchemi ambazo wafugaji wa huko hunyweshea mifugo, na maji yalikuwa yameanza kunuka. Cynthia alikwenda huko akakaa na wafugaji, akachukua maneno yao, akayapeleka kwa mawakili. Kesi ikavutana muda mrefu. Siku ya hukumu, mahakama iliamuru uchimbaji usimame na eneo lote lifungwe. Drusilla alipata habari kwa simu, akachukua kichana cha ndizi mbivu akanigawia, akawagawia na majirani wote wa safu yetu.

Kabla wiki hiyo haijaisha, Haron naye akapiga. Kambi ilikuwa inavunjwa. Wengi walikuwa wameachishwa kazi, lakini yeye amechaguliwa kwenda kwenye meli ya kuchimbia mafuta, katika bahari ya nchi nyingine ambayo mama yake hakuweza kulitamka jina lake sawasawa. Drusilla alimuuliza kama amejifunza kuogelea.

"Mama, kule hakuna anayeogelea," Haron akamjibu. "Ni mbali mno, kuogelea hakumfai mtu."

Alikuja likizo ya kwanza akiwa amepungua mwili. Drusilla alinialika kwake siku ya Sabato, baada ya ibada, kwa kuwa alitaka nimwone kijana. Cynthia alikuwa amekuja pia kutoka Kisumu. Palikuwa na ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya Wagusii, iliyolala kwenye maziwa, chakula ambacho Haron tangu utotoni hakukiacha kikibaki. Siku hiyo alikigusa tu. Birika lilikuwa jikoni juu ya jiko la gesi, na moto ulipozimika kwa upepo, gesi ikaanza kutoa ule mlio wake mdogo, sauti ambayo sisi wengine hatukuisikia hata kidogo. Haron aliruka. Akaenda akafunga mtungi, akafungua mlango na madirisha yote, kisha akatoka akasimama katikati ya migomba. Mama yake alimfuata. Alimkuta ameshika shina la mgomba kwa mikono miwili.

Aliporudi ndani alieleza kwa maneno machache jinsi kazi ilivyo. Mdomo wa kisima uko chini kabisa ya bahari, mahali penye giza, pasipofika mzamiaji yeyote. Wanateremsha mashine zenye taa, na wao huko juu wanatazama kwenye televisheni. Juu ya mdomo huo kuna mtambo mzito uliowekwa ili gesi ikipanda ghafla, uzibe. Cynthia akamuuliza kama mtambo huo hupimwa.

"Unapaswa kupimwa," Haron akasema, akimwangalia mama yake.

Cynthia hakumwachia. Alimwambia kwamba kama kuna kasoro aiseme, wao wataipeleka mahali. Hapo ndipo Haron alipokasirika, na sikuwa nimewahi kumsikia akimpandishia dada yake sauti.

"Utaipeleka wapi? Mlitufungia mahali ambapo mtu akiona moto anakimbia. Nchi kavu nilikuwa na miguu, Cynthia. Sasa nina kamba na boti ya kujiokolea ya rangi ya chungwa iliyoning'inia."

"Sisi hatukuwaambia waende baharini."

"Na mlidhani watakwenda wapi? Watarudi Ulaya walime viazi?"

Cynthia alilia kimya. Drusilla akatoa vyombo mezani ingawa hatukuwa tumemaliza kula. Baadaye, ndugu hao wawili walionekana wakitembea pamoja kule chini mtoni, Haron akiongea na Cynthia akisikiliza, na waliporudi walikuwa wamepatana. Mama yao hakuwauliza waliongea nini. Alimsihi Haron asirudi kwenye meli, akamwambia mageti yapo, watu bado wanajenga. Haron akasema akiondoka yeye watamweka mtu asiyejua mlio wa bomba likianza kubeba gesi, na humo ndani kuna watu anaokula nao. Akaondoka na gari la asubuhi.

Tangu hapo Drusilla alibadilika. Mtu akifungua soda hata mbali huko, aligeuka kwa ule mlio. Haron alikuwa akipiga simu Jumapili, na kila Jumapili maneno yalipungua. Mara moja alisema tu kwamba chakula ni kizuri na bahari imetulia. Mara nyingine alimwomba mama yake aisogeze simu kwenye mgomba, asikie upepo ukipita kwenye majani. Drusilla alifanya hivyo, akanihadithia akicheka.

"Pam," akaniambia, "mtoto mwenye furaha haombi kusikia migomba."

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Jumatatu tulikuwa sokoni, Drusilla akimfungia mteja ndizi za kupika, na redio ya kijana wa viatu ikasema meli ya kuchimba mafuta imeshika moto baharini. Hawakutaja watu. Drusilla alimaliza kufunga ndizi, akampa mteja, akamshukuru. Kisha akaketi chini, si juu ya gunia, chini kabisa kwenye vumbi. Jioni ile ile alipigiwa na Ombok, kijana wa kwetu ziwani aliyekuwa akifanya kazi zamu moja na Haron. Ombok alikuwa hospitali. Haron hakuonekana, wala wenzake waliokuwa naye karibu na bomba.

Siku hazikupita nyingi msemaji wa kampuni akazungumza redioni. Alitoa pole. Kisha akasema kampuni haikupenda kwenda kwenye kina kirefu kiasi kile. Kwamba walikuwa na visima salama nchi kavu, na wanaharakati waliovifunga wajiulize mahakama ile imewaua akina nani.

Maneno hayo yalifika Daraja Mbili kabla hayajapoa. Wengine kanisani kwao Keumbu waliyarudia kama habari ya siku. Watu wakaanza kumwogopa Drusilla, si kwa ubaya. Hawakujua wamwite nani. Miaka yote alikuwa Mama Haron, na sasa mtu anafungua mdomo kumsalimu, kisha jina analimeza. Siku moja mteja mmoja, huku akibonyeza ndizi, alimwambia mwenzake kwa Ekegusii kwamba huyu ndiye ambaye binti yake alimfukuzia kaka yake majini. Mimi Ekegusii ninakijua kuliko watu wanavyofikiri. Nilimwambia aziweke hizo ndizi chini aende zake. Drusilla alichukua ndizi zile zilizobonyezwa akazitenga pembeni.

Walipokata tamaa ya kuupata mwili, ukoo ulikutana. Nyangau, shemeji yake Drusilla, mtu mpole, alishauri wazike shina la mgomba mahali pa Haron, kama ilivyofanywa zamani kwa waliopotea, ili nyumba itulie. Mchungaji hakupenda jambo hilo, ila aliacha wenyewe waamue. Drusilla alimsikiliza shemeji yake hadi mwisho.

"Mgomba ninaujua, baba," akasema. "Nimeukata maisha yangu yote. Huo si mtoto wangu."

Kwa hiyo kaburi halikuchimbwa. Tulikusanyika tu uwanjani kwake, tukaimba, tukaomba. Kampuni ilimtuma mtu aliyevaa vizuri, akasimama akasema Haron alikuwa fundi hodari, na kama wangeachwa wafanye kazi nchi kavu, leo tungekuwa naye hapa. Alisema hivyo akitazama juu ya vichwa vyetu, lakini watu wote walimgeukia Cynthia. Alikuwa ameketi kando ya mama yake, kitenge kimemfunika hadi usoni.

Ombok alikuwa amekuja. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni, na ilibidi ashikwe ili asimame. Aliomba aongee kwa Kiswahili ili wote tumwelewe.

Alisema kibali cha kuchimba baharini kampuni ilikuwa nacho kabla hata kesi haijaanza. Yeye mwenyewe alipakia mabomba ya kwenda bandarini wakati kambi ya kaskazini bado inachimba. "Kwa hiyo anayesema walifukuzwa, anasema uongo," akasema. "Lakini mama, sitakudanganya na wewe. Kama nchi kavu isingefungwa, Haron hangepanda meli. Wangepanda wengine. Mimi ningepanda."

Alisema kule kaskazini pia mitambo ilikuwa haipimwi kwa wakati. Mara mbili vali ilivuja, watu wakakimbia, wafugaji wakaona, wakapiga kelele. Baharini vali ilivuja vilevile. Haron aliwaambia wakubwa wasimamishe kazi, wakamjibu meli imekodiwa na kila siku ina gharama yake. Huko hapakuwa na mfugaji wa kuona. Palikuwa na samaki tu.

Mtu wa kampuni aliondoka kabla ya chakula.

Watu walipokwisha kutawanyika, tulibaki sisi wanawake tukiosha sufuria. Cynthia alikuja akapiga magoti mbele ya mama yake, hapo hapo kwenye maji ya kuoshea, akasema kuna jambo hajawahi kumwambia mtu. Habari za zile chemchemi zililifikia shirika kupitia kwa Haron. Ndiye aliyempigia akamwambia maji yananuka na mbuzi wanakufa. Alimwomba jina lake lisitajwe, asipoteze kazi. Na ile siku walipotembea mtoni alimweleza habari ya mtambo wa baharini. Cynthia aliandika, akatuma kwa wasimamizi wa mafuta wa nchi ile, na bado alikuwa akisubiri jibu meli ilipoungua.

Drusilla aliweka sufuria chini.

"Wewe unataka nikulaumu," akamwambia. "Nikikulaumu utapata nafuu. Lakini siwezi, kwa sababu aliyeanza ni yeye, na alifanya vizuri. Nyote wawili mlifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Miezi ilipita. Cynthia alikaa Kisumu, akija kila mwisho wa mwezi, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi lakini hayakukatika. Kisha siku moja ya katikati ya wiki alikuja sokoni moja kwa moja. Kulikuwa na kesi nyingine. Kampuni nyingine ilitaka kuchimba kwenye kinamasi upande wetu wa ziwani, na wavuvi wameliomba shirika liwasaidie. Wenzake walikuwa wamemwachia aamue kama ataishika. Alisema kila akikaa kuandika, anajiuliza wakishinda, hao watu watahamia wapi, na nani atakuwa huko.

Drusilla aliendelea kupanga ndizi zake. Alimwambia aende akaishike hiyo kesi, maana maji ya watu ni maji ya watu. "Ila safari hii msishinde mkaimba," akasema. "Sisi tuliimba. Mimi niligawa ndizi safu nzima, na wao wakati huo wanapakia mabomba. Mkiwafungia hapa, muwe mmeshajua wanakoelekea, na mtu wenu awe amefika kabla yao."

Cynthia aliishika. Bado iko mahakamani.

Wiki iliyopita walikuja kwenye kibanda changu wanaume wawili kutoka Mosocho, mmoja mchomeleaji, mwingine fundi wa umeme. Walikuwa wanatafuta makoti ya baridi kali, yale mazito yenye manyoya ndani, ambayo hapa Kisii huwa yananikalia mwaka mzima bila mnunuzi. Nikawauliza wanayapeleka wapi. Walisema wamepata kazi kwenye meli, kampuni ile ile imekodi nyingine, na wameambiwa wabebe nguo nzito. Ni bahari gani hawakuambiwa.

Drusilla alikuwa amewasikia. Alikuja akasimama nao, akawasalimu, akawauliza kama wamejifunza kuogelea. Walicheka kwa adabu. Hakuwaambia yeye ni nani wala hakujaribu kuwazuia. Aliwaomba namba za simu za mama zao, akasema anataka wawe wanajuliana hali kila Jumapili. Mmoja aliitaja papo hapo. Mwingine hakuwa anaijua kwa kichwa, ikabidi aweke koti chini aitafute kwenye simu yake.